Dakika ishirini za maji

Kijana alikuwa ameshika chombo cha maji yanayochemka, mwenzake akamuita, akageuka kumjibu, na yale maji yakamwagikia mkono wa kushoto kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Sekunde mbili hivi hakusema kitu. Halafu akapiga ukelele ambao mpaka leo nikikaa kimya nausikia.

Nilikuwa upande wa pili wa maabara. Kabla sijafika wenzake walishaanza kumsaidia, na aliyekuwa mbele yao ni binti ambaye ndiye mwanafunzi wangu bora kabisa wa baiolojia. Alichomoka mbio mpaka bwenini, akarudi anahema na tyubu ya dawa ya meno, akaikamua karibu yote juu ya ule mkono na kuisambaza kwa vidole vyake taratibu, kwa upole, kama mtu anayejua kabisa anachofanya, huku anamwambia pole, pole, itapoa sasa hivi.

Bomba la maji lilikuwa hatua tatu kutoka pale walipokuwa.

Na mimi je? Mimi nilisema "mpelekeni hospitali haraka". Basi. Mwalimu wa baiolojia, miaka yote hii darasani, kitu pekee kilichonitoka mdomoni ni hicho, na tukambeba kweli tukakimbia naye, na bomba tukalipita.

Kule hospitali kazi ya kwanza ya nesi ilikuwa kuifuta ile dawa ya meno, maana bila kuifuta asingeweza hata kuliona jeraha lilivyo. Kila akifuta kijana anapiga kelele. Yule binti alikuwa amesimama mlangoni anaangalia.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimesahihisha jaribio. Swali la pili lilisema chora ngozi ya binadamu na uonyeshe sehemu zake. Binti alipata zote. Tabaka la juu, tabaka la ndani, tezi za jasho, vinyweleo, ncha za neva, kila kitu na mshale wake, mistari imenyooka utafikiri imechapwa. Nakumbuka niliandika pembeni "safi sana".

Zile neva alizozichora vizuri ndo zilikuwa zinaungua mbele yake.

## Nani alimfundisha

Mkono ulipona, kuna alama imebaki, anautumia vizuri tu. Kwa hiyo ningeweza kuacha yaishe. Lakini haikuniacha, wiki nzima, ya pili, ya tatu, nasahihisha madaftari naona dawa ya meno.

Siku moja nikamwita yule binti nikamuuliza kwa upole, hivi ile ya dawa ya meno ulijifunza wapi? Akaanza kulengwa na machozi, alidhani nataka kumuadhibu. Akasema, "Nyumbani ticha. Bibi huwa anafanya hivyo. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo niliungua akanipaka."

Nikamwambia hana kosa, aende.

Ila hapo ndo nikakwama kwa siku nyingi. Maana sisi walimu tuna ule msemo wetu, hayo mambo ni ya nyumbani, sisi tuna silabasi. Nimewahi kuusema mwenyewe kwenye kikao na nikapigiwa makofi. Sasa hapa nyumbani walikuwa wamefundisha! Tena walifundisha kwa namna ambayo mimi sijawahi kufundisha kitu chochote. Mara moja tu, kwenye mwili wake mwenyewe, siku ambayo alikuwa anaumia na anataka msaada, na kikakaa kiasi kwamba miaka mingi baadaye katikati ya kelele na hofu mkono wake ulienda wenyewe bila kufikiria. Mimi nilitumia vipindi sita na michoro ya rangi na somo langu likabaki kwenye karatasi.

Yaani nyumbani kitu walikosea lakini njia waliipatia. Mimi kitu nilipatia, njia ndo nikakosea.

Kwa anayesoma hapa na hajui, ngoja niweke kabisa. Mtu akiungua, kwanza muondoe kwenye kinachomuunguza, halafu maji. Maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka, sio barafu, kwa dakika 20. Sababu ni kwamba hata ukishaondoa kilichounguza, joto linabaki ndani ya nyama na linaendelea kuumiza chini kwa chini. Pete, bangili, saa, vua mapema kabla mkono haujavimba. Malengelenge usipasue. Ukimaliza funika kwa nailoni safi ile ya kufungia chakula au kitambaa safi kisichonata. Na kama ameungua eneo kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, au ni usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, hospitali haikwepeki. Dawa ya meno, siagi, mayai, vyote hivyo vinashikilia uchafu, vingine vinachoma zaidi, na vinamficha daktari jeraha.

Nimeandika mistari michache tu hapo. Sijawahi kuisema darasani kwa miaka yote niliyofundisha mada ya ngozi.

## Orodha ya kumi

Nikaenda kwa mkuu wa shule nikaomba Ijumaa mchana, dakika 40, nifundishe stadi za maisha. Akakubali, sharti moja tu, nisiguse vipindi vya mtihani.

Nikajiandaa kama tunavyojiandaa siku zote, yaani nikatafuta notsi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa stadi za maisha mashuleni mwaka 1994, na mle kuna zile kumi maarufu: kufanya maamuzi, kutatua matatizo, kufikiri kwa ubunifu, kufikiri kwa kina, kuwasiliana vizuri, kuhusiana na watu, kujitambua, kuhisi machungu ya mwingine, kukabiliana na hisia na kukabiliana na msongo wa mawazo. Nikaziandika ubaoni. Wakazinakili. Kuna waliopiga mstari kwa rula chini ya kichwa cha habari.

Mkono ukanyooshwa. "Ticha, hii itatoka kwenye mtihani?"

Ijumaa iliyofuata nikawauliza, wakazitaja zote kumi, kwa mpangilio, kwa sauti moja. Na nikaliona kabisa swali linavyokuja siku moja, taja stadi kumi za maisha, alama kumi. Mtu atapata kumi kwa kumi kwenye kukabiliana na msongo wa mawazo huku anatetemeka kwa hofu ya mtihani wenyewe.

Nikafuta ubao.

Orodha yenyewe sina ugomvi nayo, waliiandika watu makini na ukiisoma vizuri utaona wanachozungumzia ni uwezo wa akili na wa kuishi na watu. Kushona kifungo hakumo, kuungua hakumo, mkopo haumo. Hayo ni ya mikono na ya kila siku, na watu wengi tunayachanganya na yale mengine tukiyaita yote stadi za maisha, matokeo yake shule inafundisha majina ya yale ya kwanza na haya ya pili haifundishi kabisa. Wakati huo nilidhani nitachagua moja. Sikujua yanakuja pamoja.

## Kwenye bomba

Ijumaa ya tatu niliwapa kikaratasi. Mtu akiungua afanye nini? Wote wakaandika maji, dakika 20. Vizuri sana. Nikawaambia inukeni tutoke nje.

Tukaenda kwenye bomba la bustanini. Mmoja akauliza maji si yatapotea, swali zuri, tukaweka ndoo chini ili tumwagilie baadaye. Nikamchagua kijana mmoja anayependa kujitokeza, nikamwambia mkono wako umeungua sasa hivi, tuonyeshe. Wengine mtamwambia dakika 20 zikiisha. Hakuna kuangalia saa.

Akaweka mkono. Kelele, vicheko, wengine wanajifanya kumlilia. Baada ya muda kidogo mmoja akasema tayari, wengine wakaitikia tayari, tayari, akatoa mkono akaukung'uta.

Nikaangalia saa. Dakika moja na sekunde hamsini.

Hawakuamini. Kuna aliyesema saa yangu imesimama. Wote hawa dakika tano nyuma walikuwa wameandika 20 na nimewapa vema.

Nikasema haya, sasa tufanye kweli.

Dakika ya nne vicheko viliisha. Ya sita akaanza kuhamisha uzito toka mguu huu kwenda ule. Ya saba kuna mtu aliondoka bila kutumwa akarudi na kiti, akamsogezea. Ndoo ya kwanza ikajaa wakabadilisha. Dakika ya kumi akasema mkono umekufa ganzi, mwingine akamshika bega na kuanza kumpigia stori ya mpira ili asahau. Maji yalikuwa membamba tu, yanashuka, yanapiga juu ya kiganja na kuteleza kwenye vidole, na sisi wote thelathini na kitu tumesimama tunaangalia maji. Dakika ya kumi na nne akasema "inatosha jamani" akaanza kuutoa.

Yule binti akamshika kifundo cha mkono.

"Bado."

Hakusema kingine. Akaushikilia pale chini ya maji, na mkono wake mwenyewe unalowa, mpaka dakika ya ishirini.

Hakuna aliyeandika notsi siku hiyo. Na sikuhitaji kutaja orodha ya kumi, ilikuwa pale, aliyeona mwenzake anachoka akaenda kuleta kiti, aliyemtuliza kwa stori, aliyesema bado wakati wote wanataka kuacha. Utulivu wakati wa hofu huwezi kuufundisha peke yake kama mada, unafundishika ukiwa na bomba, ndoo na mkono wa mtu.

## Mia moja ambayo hukuipata

Nikapata nguvu. Ijumaa nyingine nikaleta mkopo, hii mikopo ya kwenye simu ambayo unabonyeza mara tatu hela imeingia. Darasani nilikuwa na vijana ambao riba juu ya riba wanaikokotoa wamefumba macho, fomula wanayo.

Nikawaambia hivi. Unakopa 100. Wanakata 15 palepale kama gharama, mkononi unapata 85. Baada ya siku 30 unarudisha 100. Riba ni asilimia ngapi?

Darasa zima, kumi na tano!

Hapana. Ulichopewa ni 85, na umelipa 15 juu ya 85, hiyo ni kama asilimia 17.6 kwa mwezi mmoja. Nikawagawia vipande vya karatasi kama hela tukacheza. Mwezi ukiisha huna, unakopa tena mkopo mkubwa kidogo ili ulipe ule wa mwanzo, nao unakatwa palepale, kwa hiyo wa pili unadaiwa karibu 118. Mwezi wa sita unadaiwa kama 225. Mwezi wa kumi na mbili, karibu 598. Kwa 85 uliyoishika mara moja, mwezi wa kwanza, na ukaitumia wiki hiyohiyo.

Kijana mmoja alikaa anaangalia karatasi zake kwa muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo hii mia moja sijawahi hata kuipata."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nina furaha ya ajabu.

Halafu nikasoma kitu kikanivunja nguvu kabisa.

Mwaka 2014 watafiti watatu, Fernandes, Lynch na Netemeyer, walichapisha uchambuzi waliokusanya tafiti 201 kuhusu elimu ya fedha. Waliangalia mafunzo yanabadilisha kiasi gani namna watu wanavyotumia na kutunza hela. Jibu lao: mafunzo yanaelezea asilimia 0.1 ya tofauti za tabia za watu. Sio kumi. Sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Na hata yale mafunzo marefu ya masaa mengi, ikipita miezi 20 hivi athari yake ilikuwa haionekani.

Nilifunga laptop. Ijumaa hiyo nikawaambia wanafunzi nina kazi nyingi, hakuna kipindi. Sikuwa na kazi. Nilikuwa najiuliza kama ninachofanya ni kujifurahisha mwenyewe, kucheza na karatasi halafu mtoto anaondoka hapa anabonyeza simu yake mara tatu kama wengine.

Nikaendelea kusoma kwa sababu kulala nilikuwa silali vizuri. Mwaka 2022 kikatoka kingine, Kaiser, Lusardi, Menkhoff na Urban, wao walichukua majaribio 76 tu, yale ambayo watu wanagawanywa kwa bahati nasibu hawa wafundishwe hawa wasifundishwe, kutoka nchi 33, watu zaidi ya laki moja na sitini elfu. Hao wakaona elimu inabadilisha maarifa na tabia pia, na hawakuona dalili kwamba inayeyuka haraka kama ilivyodhaniwa.

Sasa mimi sio mchumi, siwezi kuamua ugomvi wao. Lakini wale wa 2014 walisema kitu ambacho nimekishika: fundisha karibu na wakati wa kuamua. Mtoto wa miaka 13 ukimfundisha mkopo ambao atauchukua akiwa na 22, unategemea nini? Nikahamisha. Mkopo sasa naufundisha kwa wanaomaliza, mwezi wa mwisho, wakiwa tayari wanaongelea simu watakazonunua. Kuungua wanaanza nako wale wadogo, kwa sababu maji ya moto hayasubiri mtu amalize shule.

## Kina mama na chumvi

Kuna stori moja nairudia kila nikikata tamaa. Bangladesh, kuanzia 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake kwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha kina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Hawakutegemea bango wala redio peke yake. Walikaa chini na mama mmoja mmoja, chumvi unaichota kwa ncha za vidole vitatu, sukari guru konzi moja, maji nusu lita, na mama anachanganya kwa mkono wake mwenyewe. Kufika 1990 walikuwa wamezifikia kaya zipatazo milioni 12.

Kilichonishika mimi ni malipo. Mwalimu hakulipwa kwa nyumba alizopita. Baada ya wiki kadhaa anapita msimamizi, anachagua baadhi ya nyumba, anamuuliza mama anakumbuka nini, anamuomba atengeneze, na sampuli inapimwa maabara kama chumvi iko sawa. Mama akikumbuka vizuri mwalimu analipwa zaidi. Mama akisahau, mwalimu malipo yanapungua.

Nilijiuliza mimi ningelipwa kwa kipimo hicho, yale niliyofundisha mwaka jana, ningeondoka na nini.

Na kuna sehemu ya pili. Mwanzoni kina mama wengi walikuwa wanajua kutengeneza lakini hawatengenezi. Walipochunguza wakakuta baadhi ya wale wanaofundisha wenyewe hawaamini, wakiharisha wao wanatafuta vidonge. Ikabidi warudi nyuma wawaelimishe walimu kwanza, wawaonyeshe maji yale yanafanyaje kazi mwilini. Na wakaanza kuongea na wanaume pia, maana kule nyumbani mama peke yake haamui.

Hapo nilijiona. Nilikuwa nataka kufundisha wanafunzi kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo umesimama, na mimi mwenyewe sijawahi kugusa hata mdoli wa mazoezi. Nikaenda kusoma, siku moja tu. Unakandamiza mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kishuke sentimita 5 mpaka 6. Ukisoma ni mstari mmoja. Ukifanya, dakika ya pili jasho linadondoka juu ya mdoli na ukijipima unakuta kina kimepungua bila wewe kujua, ndo maana wanasema mpokezane kila dakika mbili. Nilikuwa nimepanga kuisema hiyo darasani kwa dakika tano!

Norwei wamekuwa wakifundisha hii mashuleni tangu 1961. Na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliunga mkono tamko linalosema watoto kuanzia miaka 12 wapewe saa mbili kila mwaka. Saa mbili. Mimi mchoro wa ngozi peke yake naupa zaidi ya hapo.

## Mwalimu mwenzangu

Kuna mwalimu mwenzangu hakubaliani na mimi, na ni mtu ninayemheshimu sana kwa hiyo sitamfanya aonekane mbaya hapa. Anasema, mwalimu, kila kitu jamii ikishindwa inatupa shuleni. Watoto hawana adabu, shule. Wana madeni, shule. Hawajui kupika, shule. Na mwisho wa mwaka hakuna anayekuuliza kama wanajua kushona kifungo, wanakuuliza wangapi wamefaulu.

Ana haki. Nimekaa na hayo maneno muda mrefu na nimeona nusu yake ni kweli kabisa, ndo maana nikapunguza. Nilianza na mambo kumi na sita kwa muhula, sasa ni manne. Manne ambayo mtoto atayafanya kwa mkono wake na nitarudi kumpima baada ya mwezi bila kumwambia.

Nusu nyingine sikubali. Anasema hii ni fasheni mpya, na sio mpya. Ufini kazi za mikono ziliingia kwenye shule za msingi kama somo la lazima mwaka 1866, mwalimu Uno Cygnaeus ndiye aliyelipigania, na hoja yake haikuwa kuzalisha mafundi seremala, alitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya malezi ya mtoto. Mpaka leo kule watoto wa darasa la saba, wavulana kwa wasichana, wana somo la lazima la maarifa ya nyumbani.

Wavulana kwa wasichana nimeiweka makusudi. Siku ya vifungo kijana mmoja aliniambia ticha mimi nitaoa. Darasa likacheka. Sikucheka, nikamuuliza kifungo kikikatika kabla hujaoa? Akashona. Japani pia, mpaka 1994 ndo somo la maarifa ya nyumbani likawa la lazima kwa wavulana wa sekondari ya juu, kabla ya hapo lilikuwa la wasichana, kwa hiyo hata pale tunapowasifia sana hili halikuja lenyewe. Kuna watu walikaa vikao wakaligombania.

## Ijumaa iliyopita

Mwezi ulikuwa umepita tangu siku ya bomba. Nikaingia darasani bila kusema kitu, nikamwambia mmoja wa wale walionyamaza siku ile, mwenzako ameungua, fanya.

Akamvua saa kwanza. Hapo nikashusha pumzi, maana saa tuliitaja mara moja tu. Akamvuta mpaka kwenye bomba, akafungua, akaweka mkono, na bila kuambiwa akamtuma mtu kiti.

Yule aliyeungua siku ile ya kwanza alikuwa amesimama karibu, mikono mfukoni. Sijawahi kumlazimisha kushiriki hizi za kuungua, huwa anaangalia tu. Safari hii akaongea.

"Ticha, na kama ni usiku na maji yamekatika?"

Kimya.

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Muda wote huu nawafundisha bomba, bomba, na bomba lisipotoa je? Nikamrudishia darasa. Wakaanza, ndoo za akiba zipo, sasa unaingiza mkono ndani ya ndoo? Mmoja akasema ndoo yatapata joto la mkono, bora kumimina kwa jagi. Mwingine, chini weka beseni, yale yale uyachote tena. Mwingine akasema yatakuwa machafu. Kama ni safi beseni je? Nikawaambia kitu nilichokijua, kwamba hata ukichelewa, ndani ya saa tatu tangu kuungua maji bado yanasaidia, kwa hiyo ukiyapata kwa jirani nenda kwa jirani. Yule binti akauliza lita ngapi zinatosha dakika 20 ukimimina taratibu.

Hakuna aliyejua. Kengele ikalia, hawakuinuka.

Ijumaa hii tunafunga bomba. Nimeomba ndoo mbili, jagi na beseni jikoni, na yule kijana amesema mkono utakuwa wake, ule wa kushoto.

Nimemuuliza mara mbili kama ana uhakika. Amesema ndiyo.